Chokaa Chini ya Volkano: Historia ya Gesi Iliyofungwa Mwambani

Milima mingi ya volkano imesimama juu ya tabaka nene za mawe ya chokaa, ambazo bahari za kale zilizijenga kwa makombe, matumbawe na matope laini mamilioni ya miaka kabla ya volkano zenyewe kuzuka. Chokaa ni kabonati ya kalsiamu, na karibu asilimia 44 ya uzito wake ni gesi ya kaboni dayoksaidi, au hewa ukaa, iliyofungwa ndani ya fuwele zake. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto, inapopanda na kujipenyeza katika tabaka hizo, joto lake huelekea kuifungua gesi hiyo, na kalsiamu inayobaki huungana na elementi nyingine zilizo karibu. Wachomaji chokaa wa pwani ya Afrika Mashariki, waliopanga matumbawe juu ya magogo na kuyachoma ili kupata chokaa ya kujengea nyumba na misikiti ya Kilwa, Lamu na Unguja, walifanya mahali pa wazi jambo lililo jamaa ya lile linalofanywa na magma chini ya ardhi. Hata hivyo, katika tanuri la pwani gesi hupotea hewani mara inapofunguka, ilhali kilomita kadhaa chini ya mlima uzito wa miamba iliyo juu huibana, na mbano huo ndio unaoamua kama chokaa itavunjika au itabaki chokaa.

Kwa zaidi ya miaka 200 wanajiolojia wameyachunguza mawe yanayozaliwa katika mkutano huo, wakayapa majina, wakayachimba kutafuta shaba na chuma, na wakabishana vikali juu ya asili yake. Ukifuatilia mabishano hayo tangu mwanzo, utaona kwamba maarifa yalipiga hatua kila mara mtafiti alipoacha kulitazama jiwe peke yake akauliza hewa ukaa imekwenda wapi.

Mitutu ya bunduki ya Edinburgh, 1754–1812

Swali hilo lilianza kwa Joseph Black, aliyewasilisha tasnifu yake ya udaktari wa tiba mjini Edinburgh, Uskoti, mwaka 1754, na miaka miwili baadaye akachapisha majaribio yanayoonyesha kwamba chokaa ikichomwa hupungua uzito kwa sababu hupoteza hewa ya namna ya pekee iliyokuwa imefungwa ndani yake. Ugunduzi huo, uliosifiwa na wanakemia, ulimletea matatizo rafiki yake James Hutton. Mwaka 1785 Hutton aliwaeleza wenzake wa Edinburgh nadharia kwamba joto la ndani ya dunia ndilo linaloimarisha na kugeuza miamba, na kwamba marumaru ni chokaa iliyopata joto hilo. Wapinzani wake walishika hoja moja iliyo wazi: ikiwa marumaru imepitia moto, mbona bado ina hewa yake yote, wakati Black mwenyewe ameonyesha kwamba moto huitoa?

Jibu la Hutton lilikuwa kwamba mgandamizo, yaani nguvu ya uzito wa bahari na miamba iliyo juu, huizuia gesi isitoke hata joto liwe kali kiasi gani. Lilikuwa jibu sahihi lisilokuwa na ushahidi, na Hutton hakuwa na hamu ya kuutafuta maabarani, kwa kuwa aliamini kwamba kazi kubwa za dunia haziwezi kupimwa kwa chombo kidogo kilichowekwa juu ya makaa. Kijana James Hall aliyekuwa karibu naye aliona tofauti, lakini kwa heshima ya mzee huyo alijizuia hadi Hutton alipofariki mwaka 1797, ndipo mwaka uliofuata akaanza.

Njia ya Hall inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo asili ya maabara zote za mgandamizo mkubwa zilizofuata. Alisaga chaki, mawe ya chokaa au makombe, akaujaza unga huo ndani ya mrija mdogo wa kauri, akauingiza mrija katika mtutu wa bunduki uliozibwa upande mmoja, akaziba nafasi iliyobaki kwa metali inayoyeyuka kwa joto dogo, kisha akaiweka sehemu yenye chokaa ndani ya tanuru kali huku upande wa pili ukiachwa baridi ili metali igande na kuwa kizibo. Gesi iliyofunguka ilikosa pa kutokea, mgandamizo ukapanda, na mara nyingi mtutu ulishindwa ukapasuka. Baada ya majaribio zaidi ya 500, aliyoyaeleza mbele ya jumuiya ya wanasayansi ya Edinburgh mwaka 1805 na kuyachapisha kikamilifu mwaka 1812, Hall alikuwa na vipande vigumu vya kabonati vyenye fuwele zinazong'aa kama za marumaru, vilivyotokana na unga na bado vina gesi yao karibu yote. Hoja iliyomwandama Hutton ilikuwa imejibiwa, na tangu hapo mgandamizo uliingia katika kila maelezo ya miamba iliyogeuzwa na joto.

Predazzo na Monte Somma, 1795–1850

Wakati Hall akipasua mitutu, sehemu kubwa ya wanajiolojia wa Ulaya bado ilifuata mafundisho ya Abraham Gottlob Werner wa Freiberg, Ujerumani, aliyefundisha kwamba graniti na jamii yake ni miamba ya kwanza kabisa, iliyojitenga kutoka katika maji ya bahari ya mwanzo, na kwamba chokaa yenye makombe ilikuja juu yake baadaye sana. Mafundisho hayo yalipata pigo katika bonde la Predazzo, katika milima ya Dolomiti. Huko, mahali paitwapo Canzoccoli, Giuseppe Marzari Pencati alionyesha katika maandishi yake ya 1819 na 1820 kwamba mwamba wa jamii ya graniti umelala juu ya chokaa badala ya kuwa chini yake, na kwamba chokaa hiyo, kadiri mtu anavyoukaribia mwamba huo, inabadilika hadi kuwa marumaru nyeupe yenye fuwele kubwa. Mwamba uliodhaniwa kuwa mkongwe kuliko yote ulionekana kuwa mgeni aliyekuja akiwa moto. Wasomi wa Ulaya walimiminika Predazzo kujionea, Alexander von Humboldt akiwa miongoni mwao mwaka 1822.

Marumaru ya Predazzo ilikuwa na jambo jingine ambalo halikueleweka upesi. Chokaa ya huko ina magnesiamu nyingi. Ni ile inayoitwa dolomaiti, kwa jina la mwanasayansi Mfaransa Dolomieu. Dolomaiti ikipashwa joto huachia sehemu ya hewa ukaa na kugawanyika kuwa kabonati ya kalsiamu na periklesi, madini yaliyoundwa na magnesiamu na oksijeni tu. Mwamba ukipoa na maji yakapenya, periklesi hunywa maji hayo na kugeuka brusaiti. Jiwe moja la Predazzo lenye brusaiti kwa hiyo limebeba kumbukumbu ya mambo mawili yaliyofuatana, moto uliofukuza gesi na maji yaliyokuja baadaye.

Kusini zaidi, jirani na Napoli, ushahidi ulipatikana kwa njia rahisi zaidi, kwani volkano yenyewe iliutupa nje. Monte Somma ni ukingo wa volkano ya zamani ambayo ndani yake umekua mlima Vesuvio wa leo, na katika makorongo yake yametapakaa mawe ambayo si lava. Ukivunja mojawapo, mara nyingi utakuta kiini cheupe cha marumaru, kisha ukanda wa kijani wa diopsaidi, yaani madini ya kalsiamu, magnesiamu na silika, na nje zaidi garneti za kahawia au vesuvianaiti, madini ambayo Werner aliyapa jina hilo mwaka 1795 kwa kuutaja mlima yalikotoka. Teodoro Monticelli na Nicola Covelli walitoa kitabu cha madini ya Vesuvio mwaka 1825, na katika miaka ya 1840 Arcangelo Scacchi aliieleza periklesi kwa mara ya kwanza kutokana na mawe hayohayo. Wakusanyaji walikuwa wameshika mikononi mwao vipande vya ukuta wa chumba cha magma, ingawa ingechukua zaidi ya karne moja kabla ya mtu kuvisoma hivyo.

Wachimbaji na maji moto, 1865–1912

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 uongozi wa utafiti ulihamia migodini. Palipokutana graniti na chokaa palipatikana chuma, shaba, zinki na baadaye tungsteni, na wachimbaji walijua hilo kabla ya wasomi. Katika kisiwa cha Elba, Italia, chuma cha namna hiyo kilikuwa kikichimbwa tangu zama za Waetruski. Bernhard von Cotta alieleza mashapo ya Banat, katika Rumania ya leo, katikati ya miaka ya 1860, akaonyesha kwamba madini yameshikamana na mpaka wa magma na chokaa. Mwaka 1875 Alfred Törnebohm aliliingiza katika jiolojia neno la wachimbaji wa Sweden, skarni, kwa ajili ya mwamba mzito wa garneti na diopsaidi unaoizunguka sumaku-chuma ya Persberg.

Hapo ndipo lilipozuka swali lililotenganisha athari ya joto na athari ya majimaji. Joto peke yake linaweza kuifanya chokaa chafu, yenye mchanga na udongo ndani yake, izae madini mapya kwa kutumia vilivyomo. Lakini chokaa safi haina chuma, haina shaba, na silika yake ni kidogo mno. Ikiwa leo mahali pake pamejaa garneti yenye chuma, basi chuma hicho kimeletwa. Waldemar Lindgren, alipochunguza migodi ya shaba ya Clifton na Morenci huko Arizona, Marekani, alitoa mwaka 1905 hoja iliyopangwa vizuri kwamba magma inapoganda hutoa maji yenye joto kali yaliyobeba silika, chuma na metali nyingine, na maji hayo hupenya katika chokaa, yakaondoa hewa ukaa na kuacha mzigo wao. Badiliko la namna hiyo, ambamo mwamba hupewa elementi mpya na kunyang'anywa za zamani huku ukibaki mgumu, huitwa metasomatizimu.

Utaratibu wake ulikuja kufafanuliwa kwa undani katika karne ya 20, hasa na Dmitri Korzhinskii wa Umoja wa Kisovyeti, aliyeeleza kwa nini skarni hujipanga kwa kanda zenye mipaka mikali, garneti karibu na magma, kisha piroksini, yaani jamii ya diopsaidi, kisha marumaru. Kila ukanda ni mahali ambapo maji yanayosonga mbele yamefikia mapatano mapya na mwamba. Baadaye joto linaposhuka, maji yaleyale hurudi kuiharibu kazi yao ya kwanza, garneti ikageuka epidoti na kloraiti, na mara nyingi ni katika hatua hiyo ya pili, ya joto la chini, ambapo shaba na dhahabu hutua. Mlima wa shaba wa Ertsberg huko Papua, Indonesia, ambao Jean Jacques Dozy aliukuta mwaka 1936, ni zao la mfuatano huo.

Hata hivyo aliyeirudisha hewa ukaa katikati ya mazungumzo alikuwa Victor Goldschmidt. Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 23, alitoa kitabu juu ya miamba iliyogeuzwa na magma katika eneo la Kristiania, mji unaoitwa Oslo leo, na mwaka uliofuata akakokotoa jambo ambalo Hall alilionyesha kwa mitutu tu. Alichukua badiliko rahisi kuliko yote, la chokaa na silika kuungana na kuzaa wolastonaiti huku hewa ukaa ikitoka, akatumia kanuni za nishati kupata joto ambalo badiliko hilo hutokea chini ya kila mgandamizo. Mstari wake ulionyesha kwamba kadiri kina kinavyoongezeka na gesi kubanwa, ndivyo joto linalohitajika linavyopanda. Kuanzia hapo jiwe lenye wolastonaiti liliweza kusomwa kama kipimo cha joto, mradi msomaji awe na habari za gesi iliyokuwepo. Maana majaribio ya miaka ya 1960 yalithibitisha kwamba hewa ukaa ikichanganyika na maji mengi nguvu yake hupungua, na wolastonaiti hujitokeza kwa joto la chini zaidi. Maji ya Lindgren na gesi ya Goldschmidt vilikuwa vinafanya kazi pamoja.

Je, magma humeza chokaa? 1910–1940

Hadi hapo maswali yote yalihusu kile magma inachoifanyia chokaa. Mwaka 1910 Reginald Daly, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliligeuza swali upande wa pili. Kuna jamii ya miamba ya volkano yenye sodiamu na potasiamu nyingi lakini silika haba, na asili yake ilikuwa fumbo. Daly alipendekeza kwamba miamba hiyo huzaliwa pale magma ya kawaida inapomeza chokaa: kalsiamu ya chokaa hushika silika na kuzama nayo katika fuwele nzito, hewa ukaa hupanda ikibeba alkali, yaani sodiamu na potasiamu, na magma inayobaki huwa maskini wa silika. Nadharia hiyo ilipendwa kwa sababu ilieleza mengi kwa sababu moja, na Alfred Rittmann aliitumia mwaka 1933 kwa Vesuvio, akisema kwamba lava za mlima huo zilibadilika kwa muda kwa kuwa chumba chake cha magma kimo ndani ya dolomaiti, ambayo imekuwa ikiliwa kidogo kidogo.

Mpinzani mkubwa wa fikra hiyo alikuwa Norman Bowen, Mkanada mwingine, aliyefanya kazi katika maabara ya jiofizikia ya Washington. Bowen alidai hesabu ya joto. Kuivunja chokaa kunagharimu joto jingi, na magma kwa kawaida haina joto la ziada, bali iko karibu na kuanza kuganda. Ikimeza chokaa italazimika kulipa kwa kugandisha sehemu yake yenyewe. Chokaa nyingi ingeiua magma kabla haijaibadilisha. Hoja hii ilikuwa na uzito wa haki, na inapaswa kusemwa kwamba Bowen hakukana kuwa kumeza hutokea. Alikana tu kwamba kunaweza kuwa chanzo cha jamii nzima ya miamba. Wafuasi wake walikwenda mbali kuliko yeye.

Bowen huyohuyo alitoa mwaka 1940 ngazi ya madini ambayo wanafunzi wa jiolojia hujifunza hadi leo, ikionyesha jinsi dolomaiti yenye silika inavyopoteza hewa ukaa hatua kwa hatua kadiri joto linavyopanda, kuanzia tremolaiti, kupitia diopsaidi, periklesi na wolastonaiti, hadi lanaiti kileleni. Lanaiti ilikuwa imegunduliwa mwaka 1929 na Cecil Tilley katika kilima cha Scawt, karibu na mji wa Larne huko Ireland ya Kaskazini, ambako magma ya jamii ya basalti ilipenya katika chaki karibu na uso wa ardhi, mahali ambapo mgandamizo ni mdogo na gesi hutoka bila kizuizi. Ndiyo madini yaleyale yanayopatikana katika saruji inapotoka tanuruni.

Kutoka Fen hadi Oldoinyo Lengai, 1921–1962

Mabishano hayo yaliifikia Afrika Mashariki na kupata hukumu yake huko. Mwaka 1921 Waldemar Brøgger alieleza kutoka Fen, Norway, miamba ya kabonati iliyokatiza miamba mingine kama ifanyavyo magma, akaiita kabonataiti na kudai kwamba iliwahi kuyeyuka. Bowen alifika Fen na mwaka 1924 akakanusha: kwa maoni yake, maji moto yalikuwa yameleta kabonati na kuiweka mahali pa madini ya awali. Wengine walisema ni vipande vya chokaa ya kawaida vilivyopandishwa na magma. Tatizo lilikuwa la joto, kwani kabonati safi ya kalsiamu huhitaji zaidi ya nyuzi 1,300 za Selsiasi ili iyeyuke ikiwa imebanwa, na miamba inayoizunguka kabonataiti haikuonyesha dalili za joto la namna hiyo.

Wakati huohuo, kando ya Bonde la Ufa, wapimaji wa idara za jiolojia za kikoloni walikuwa wakikuta vilima vya namna hiyo kimoja baada ya kingine. Frank Dixey na wenzake walieleza vile vya Chilwa, katika Malawi ya leo, mwaka 1937, na wakashikilia kwamba vimetokana na magma. Tororo nchini Uganda, Homa na Mrima nchini Kenya, na Panda karibu na Mbeya ni vya jamii hiyo. Kilima cha Tororo kilichimbwa kwa ajili ya kiwanda cha saruji kilichoanza katika miaka ya 1950, na malighafi yake iliitwa chokaa bila kusita, ingawa hakuna bahari iliyowahi kuiweka pale.

Mwaka 1960 mambo mawili yalitokea mbalimbali. Peter Wyllie na Frank Tuttle walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kabonati ya kalsiamu yenye maji huweza kuyeyuka kwa takriban nyuzi 650, nusu ya joto lililokuwa likidaiwa. Na mwezi Oktoba, J. B. Dawson wa idara ya jiolojia ya Tanganyika alipanda Oldoinyo Lengai, mlima ambao Wamaasai wanautukuza kuwa Mlima wa Mungu, akaona kreta ikitiririsha lava nyepesi na nyeusi ambayo, baada ya kukutana na unyevu wa hewa, iligeuka nyeupe. Uchambuzi alioutoa mwaka 1962 ulionyesha kwamba lava hiyo ni kabonati ya sodiamu, potasiamu na kalsiamu, na karibu haina silika. Vipimo vilivyochukuliwa na Maurice Krafft na Jörg Keller mwaka 1988 vilikuta joto lake ni karibu nyuzi 500, nusu ya joto la basalti. Mwaka huohuo wa 1962 Powell, Hurley na Fairbairn walipima isotopu za strontiamu, yaani atomi za elementi hiyo zinazotofautiana uzito, wakakuta kwamba strontiamu ya kabonataiti hailingani na ya chokaa ya bahari bali na ya magma inayotoka katika mantili, tabaka nene lililo chini ya gamba la dunia. Suala la kabonataiti kuwa chokaa iliyopandishwa lilikwisha.

Ushindi huo ulikuwa na gharama yake. Kwa kuwa nadharia ya Daly ilikuwa imeshindwa katika kueleza kabonataiti na miamba ya alkali kwa jumla, kwa miaka kadhaa mwanajiolojia aliyetaja magma inayomeza chokaa alisikilizwa kwa mashaka, hata katika milima ambayo chokaa iko chini yake bila ubishi. Kosa hilo halikuwa la Dawson wala la wapimaji wa strontiamu, ambao ushahidi wao ulihusu jambo moja mahususi. Lilikuwa la waliouchukua ushahidi wa Lengai na kuupeleka Vesuvio.

Kurudi kwa Vesuvio, 1980–2012

Mlango ulifunguliwa tena na mawe ya Monte Somma. Mwaka 1980 Franco Barberi na Leonardo Leoni walichunguza vipande vya kabonati vilivyotupwa na milipuko mikubwa ya Vesuvio, wakavisoma kuwa ni ngozi ya vyumba vya magma vilivyokaa kina kifupi ndani ya chokaa na dolomaiti. Katika miaka hiyohiyo kisima kilichochimbwa Trecase, kwenye mteremko wa mlima, kilizifikia tabaka hizo za kabonati katika kina cha takriban kilomita 2. Kwa vilima vya Albani, kusini-mashariki ya Roma, Giada Iacono Marziano na wenzake walionyesha kwa majaribio, kati ya 2007 na 2008, jinsi magma inavyoweza kumeza chokaa bila kufa mara moja: hugandisha piroksini kwa wingi, kama Bowen alivyotabiri, na kimiminika kinachobaki hupungukiwa silika na kuongezeka potasiamu, kama Daly alivyotaka. Wapinzani hao wawili walikuwa wameshika kila mmoja nusu ya ukweli.

Katika vilima hivyohivyo hewa ukaa bado inapanda ardhini na kutuama mabondeni, kama mazuku wanayoyaogopa wakazi wa Goma, ingawa gesi ya Goma ina asili tofauti. Mwezi Septemba 1999 ng'ombe wapatao 30 walikufa kwa gesi hiyo mahali paitwapo Cava dei Selci.

Ushahidi unaotisha zaidi ulitoka Merapi, kisiwani Java, volkano ambayo lava yake mara kwa mara hubeba vipande vya chokaa vilivyokwisha kugeuka wolastonaiti na diopsaidi. Frances Deegan na wenzake walichukua lava ya Merapi na chokaa ya hapohapo, wakavifunga pamoja ndani ya kapsuli ndogo ya platinamu, wakavitia katika joto la nyuzi 1,200 na mgandamizo wa kina cha kilomita zaidi ya 15, na kusimamisha kila jaribio baada ya muda tofauti, usiozidi dakika 5. Matokeo yao ya 2010 yalionyesha kwamba ndani ya sekunde chache chokaa huanza kuyeyukia katika magma, ikiacha utando wa kioo chenye kalsiamu nyingi mno, huku mapovu ya hewa ukaa yakijaa pembeni yake. Mapovu ndiyo yanayoipa magma nguvu ya kulipuka. Mwaka 2012 Valentin Troll na wenzake waliongeza kwamba baada ya tetemeko la Yogyakarta la tarehe 27 Mei 2006, lililoua zaidi ya watu 5,700, mlipuko wa Merapi uliokuwa ukiendelea ulishika kasi na kaboni ya gesi zake ikasogea kuelekea kaboni ya chokaa, dalili kwamba mtikisiko ulifungua nyufa mpya na kuipa magma chokaa ambayo haikuwa imeguswa.

Hesabu ya gesi, 2004 hadi sasa

Ikiwa chumba kimoja cha magma kinaweza kufungua gesi ya chokaa, magma iliyoenea chini ya nusu ya bara inaweza kubadilisha hali ya hewa ya dunia. Hoja hiyo ilijengwa na Henrik Svensen na wenzake, kwanza mwaka 2004 kwa Atlantiki ya Kaskazini, kisha mwaka 2009 kwa Siberia, ambako miaka milioni 252 iliyopita magma ilijisambaza katika tabaka za chumvi, makaa na kabonati, wakati uleule ambao sehemu kubwa ya viumbe wa baharini walitoweka. Clément Ganino na Nicholas Arndt walisisitiza mwaka 2009 kwamba madhara ya mafuriko makubwa ya basalti hutegemea mwamba ambao magma imeupasha joto kuliko wingi wa magma yenyewe. Emily Mason, Marie Edmonds na Alexandra Turchyn walikwenda mbele mwaka 2017, wakakusanya vipimo vya isotopu za kaboni kutoka volkano za dunia na kuonyesha kwamba katika safu za volkano zinazopakana na mabara, sehemu kubwa ya hewa ukaa huenda inatoka katika kabonati ya gamba la dunia kuliko katika mantili.

Matokeo ya haraka zaidi ya fikra hizo yanahusu Campi Flegrei, magharibi ya Napoli, ambako ardhi imekuwa ikiinuka tangu mwaka 2005 juu ya volkano inayokaliwa na mamia ya maelfu ya watu. Gesi inayotoka katika kreta yake ya Solfatara imeongezeka mno, na kuongezeka kwa hewa ukaa kwa kawaida huchukuliwa kuwa dalili ya magma mpya inayopanda. Lakini visima vilivyochimbwa huko vilikuta kalisaiti, yaani kabonati ya kalsiamu, iliyowekwa na maji moto ya zamani ndani ya nyufa za miamba ya volkano, na Gianmarco Buono na wenzake walikadiria mwaka 2023 kwamba kati ya asilimia 20 na 40 ya hewa ukaa inayotoka sasa imetokana na kuvunjika kwa kalisaiti hiyo maji moto yanapoipitia. Wanaosimamia vipimo vya Campi Flegrei wanalazimika basi kuitoa gesi hiyo katika hesabu kabla ya kuamua ni kiasi gani cha magma kiko njiani.